Mke wangu anajifunza pikipiki, nimnunulie ipi?

Swali: Mke wangu ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji, kilomita 14 kutoka hapa Makambako tunapoishi. Kila siku anapanda boda, na mvua zikianza anafika nyumbani usiku. Sasa ameamua kujifunza pikipiki. Mimi naendesha Boxer 150, huu mwaka wa sita. Nina milioni tatu na nusu, na kuna jamaa kanionyesha Honda XL 125 iliyokuwa ya mradi, imara kweli. Nataka kuinunua kimyakimya, nimkabidhi siku yake ya kuzaliwa, kisha nimfundishe mwenyewe Jumapili kwenye uwanja wa mpira. Yeye ni mfupi, kama futi tano na inchi mbili. Nichukue hiyo XL, Boxer kama yangu, au skuta? Akishajua apeleke na watoto shule. Na kadi iandikwe jina la nani?

Jibu: Kaka, hiyo XL iache hapo ilipo. Sisemi ni mbovu. Nimeziendesha sana enzi nazunguka zahanati za vijijini, na injini yake ukiitunza mnazeeka pamoja. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya njia za porini, kwa hiyo tairi la mbele ni kubwa, shokapu ni ndefu na siti iko juu, zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini. Mtu wa futi tano na inchi mbili, ukimpima kutoka kisigino hadi msamba, ana sentimita 72 hivi. Uimara wa injini hauwezi kuziba pengo hilo.

Watu hudhani mwanafunzi huanguka akiwa kwenye mwendo. Mara nyingi huanguka amesimama, au zikiwa zimebaki hatua mbili asimame. Anafika njia panda, anapunguza mwendo, anabana breki, pikipiki inatulia vizuri kabisa. Anashusha mguu wa kushoto. Pale unapotua pana kashimo kadogo tu, lakini ardhi haipo alipoitegemea. Pikipiki inaanza kuinama taratibu, goti linabishana nayo kwa sekunde moja au mbili, kisha uzito unamshinda na anailaza chini. Haumii sana, pengine kiwiko kinachubuka na mkono wa klachi unapinda. Lakini vijana wa kijiweni wameona, na Jumapili inayofuata atakuambia ana mafua. Nimeona pikipiki mpya kabisa zikiishia kutagiwa na kuku kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo na hilo la kununua kimyakimya liache. Siku ya kuzaliwa mnunulie wifi kitenge. Pikipiki aende mwenyewe akaikalie, na akiwa amevaa viatu anavyovaa kazini, siyo vya kutokea.

Akifika dukani aitoe kwenye stendi akiwa ameikalia, aisimamishe wima. Nusu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse chini bila kujinyoosha, au akisogea kidogo kwenye siti, mguu mmoja ukanyage wote. Halafu ashuke, ashike usukani, aisukume mbele na kuirudisha nyuma hatua kumi hivi, ikiwezekana kwenye kamwinuko ka mbele ya duka. Kila siku ataitoa uani na kuigeuza pale zahanati, na wewe hutakuwepo. Mwisho abane klachi hadi mwisho, aachie, arudie mara ishirini. Hicho cha klachi wanaume mnakidharau kwa sababu mikono yenu mikubwa. Klachi ngumu ikimchosha vidole, ataanza kuiachia ghafla, pikipiki itarukia mbele, na atadhani hajui wakati tatizo ni waya. Muuzaji atasema "utazoea, mama." Msimsikilize.

Sasa tuje kwenye aina.

Boxer 150 kama yako si chaguo baya, na najua unaipenda. Siti ya pikipiki nyingi za kazi iko kati ya sentimita 78 na 80, kwa hiyo wifi atafika chini kwa vidole na sehemu ya unyayo. Lakini uzito wake ni kilo mia na ishirini na kitu, na nguvu ile imewekwa kwa ajili ya kubeba magunia na abiria. Wifi anabeba mkoba na koti jeupe. Kwake mimi ningechukua ya cc 125 (cc ni ukubwa wa injini): TVS HLX 125, Boxer ya 125, au nyingine ya ukubwa huo ambayo spea zake zinapatikana Makambako na fundi wa pale kijijini kwenye zahanati anaijua. Hilo la fundi wa kijijini lina uzito kuliko jina la kampuni.

Kwa nini nisiseme ya 100, ambayo ni nyepesi zaidi? Kwa sababu ya mahali mnapoishi. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Injini ya 100 inayotembea vizuri Kilosa, kwenu itapumua kama mgonjwa kwenye kila kilima, na mwanafunzi atalazimika kuchezesha gia katikati ya mlima, mahali ambapo hatakiwi kuwa na kazi ya ziada. Ya 125 inapanda na gia yake.

Lipo na la leseni. Kwa mgawanyo wa leseni zetu, pikipiki isiyozidi cc 125 inaangukia daraja A1, ikizidi hapo ni daraja A. HLX 125 ina cc 124.5, na wahandisi hawakuiacha hapo kwa bahati mbaya. Ukimnunulia ya 150 akiwa na A1, atakuwa barabarani kinyume cha sheria, na siku ya ajali kampuni ya bima imepata pa kukwepea.

Skuta naipenda sana, lakini siyo kwa njia yenu. Nenda Unguja uone akina mama wanavyokwenda kazini na Vespa na skuta, buibui limekunjwa vizuri, miguu mbele, hakuna klachi wala gia. Kwa lami na mji ni raha tupu. Tatizo ni magurudumu: nyingi zina inchi 10 au 12, na shimo ambalo tairi la inchi 17 au 18 linalipita, hilo dogo linatumbukia na kubaki humo. Udongo wenu mwekundu ukilowa, skuta itamtupa. Kama zahanati ingekuwa lami tupu ningekuambia nunua skuta leo.

Katikati ya hizo mbili kuna aina ambayo watu wameisahau: yenye gia za kukanyaga lakini haina mkono wa klachi. Mama yao ni Honda Super Cub iliyotoka 1958. Inasemekana Soichiro Honda alitaka mpeleka chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sinia. Hadi 2017 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha moto kilichofika huko. Kwa anayeanza ni tamu, kwa sababu haizimiki mkononi: unakanyaga gia, unatia mafuta, inaondoka. Ubaya wake kwenu ni kwamba tumbo liko chini, na barabara ikichimbika kwa matairi ya malori ya mbao, injini itakwaruza katikati ya mifereji. Kama njia ya zahanati inachongwa kila mwaka, iangalieni. Kama ni ile ya kuomba Mungu kila masika, rudini kwenye 125.

Chochote mtakachochukua kiwe na stata ya umeme pamoja na kiki. Pikipiki ikimzimikia kilimani, lori liko nyuma linapiga honi, hapo si mahali pa kutafuta nyutro na kupiga kiki huku umeshikilia breki.

Pikipiki ikishafika nyumbani, fundi aifunge kwa mwili wa wifi. Shokapu za nyuma nyingi zina pete ya kuzungusha yenye ngazi. Iwekwe ile laini kabisa, akikaa itashuka kidogo. Mkono wa klachi na wa breki ya mbele vilegezwe boliti, viinamishwe mpaka vidole viwe kwenye mstari mmoja na mkono. Waya wa klachi upakwe mafuta na uachiwe mchezo, yaani ulegevu kabla haujaanza kuvuta, wa sentimita moja na nusu hivi kwenye ncha ya mkono. Kama bado siti iko juu, peleka kwa fundi wa siti apunguze sponji pembeni, pale mapaja yanapopita, kwa sababu upana wa siti unakula urefu wa mguu kuliko unavyodhani. Usikubali fundi akate au kufupisha shokapu. Ukiishusha pikipiki, stendi ya pembeni inabaki ndefu, na pikipiki inasimama wima mno. Upepo wa Makambako utaiangusha ikiwa imeegeshwa. Ongeza bampa ya kukinga injini na miguu, na nunua mikono miwili ya akiba ya klachi na breki. Itavunjika, na ni vitu vya bei ndogo.

Mpya au iliyotumika? Kwa milioni tatu na nusu mna uhuru wa kuchagua, lakini toa kwanza hela ya kofia, koti, glovu, viatu, bima na ada ya mafunzo, kisha inayobaki ndiyo ya pikipiki. Iliyotumika ina faida moja kubwa: haiumi moyo ikilala chini. Ila nyingi zinazouzwa mtaani zimetoka kwenye boda, na hapo kuna mtego. Kijana anaendesha kwa mkataba, anapeleka hesabu kila siku mpaka amalize deni, na kadi anayo bosi. Akikwama anaiuza kabla haijawa yake. Uone kadi halisi, uongee na mwenye jina ana kwa ana, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo uilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu, na ya injini vilevile. Angalia na madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya usajili. Mkataba wa mauziano andikeni, na uhamisho mkaufanye TRA siku hizohizo, si "tutaenda."

Ukiikagua, fika kabla haijawashwa. Gusa injini, ikiwa ya moto, mwenyewe ameipasha ili usione inavyowaka kwa shida au inavyotoa moshi wa bluu asubuhi. Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: iwekeni kwenye stendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma ili tairi la mbele liwe hewani, uzungushe usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Uende laini kama mlango uliotiwa mafuta. Ukifika katikati ukahisi unanasa, *tk*, kama umeangukia kwenye kijishimo, bolisi za shingo, zile gololi zinazozungusha usukani, zimelika. Dereva mzoefu anaendesha hivyo miaka, anajirekebisha bila kujua. Mwanafunzi atayumba mbele yako na utamlaumu yeye.

Sasa la kufundisha. Hapa tutatofautiana, kaka.

Mwaka 1981 huko Marekani, timu ya Chuo Kikuu cha Southern California chini ya Harry Hurt ilitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, tena palepale zilipotokea. Asilimia 92 ya waendeshaji walikuwa wamejifunza wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Unaweza kuniambia enzi hizo karibu kila mtu alijifunza hivyo, na ni hoja ya haki. Lakini ripoti hiyohiyo iliona hatari ikitokea, wengi walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi na kuisahau ya mbele. Hiyo ndiyo kasoro inayorithishwa na mume, kaka na binamu. Nikuulize: wewe mwenyewe ulifundishwa nini kuhusu breki ya mbele? Nina uhakika uliambiwa itakubinua.

Ukishika breki, uzito mwingi unasogea mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, na ukilikanyagia linafunga na kuburuza bila kukusimamisha. Tairi la mbele limekandamizwa ardhini, ndilo linaloshika. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Kinachobinua watu ni kuinyakua ghafla, au kuibana usukani ukiwa umekunjwa. Wifi afundishwe kuibana kama anavyobana puto la mashine ya presha kule kazini, ikiongezeka kidogokidogo, usukani umenyooka. Kwenye tope atatumia zote mbili kwa upole na atashusha gia mapema. Na ajue kwamba kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu inakula mita 11 kabla hata hajagusa breki.

Mtafutieni mwalimu. Kuna vyuo vya VETA na shule za udereva zinazofundisha pikipiki, na bila mafunzo hayo hata leseni ni shida kuipata kihalali. Aanze na leseni ya kujifunzia na kibao cha L. Nasisitiza mwalimu kwa sababu nyingine pia, ambayo wake zenu hawawaambii: mume akisema "achia klachi polepole" kwa mara ya tano, sauti inabadilika, na hapo somo limeshageuka kuwa la ndoa. Wanafunzi wangu walioshindwa mikononi mwa waume zao wengi hawakuwa wazito wa kuelewa hata kidogo.

Kazi yako uwanjani ipo. Kabla ya somo lolote mwache aisukume ikiwa imezimwa, azunguke nayo uwanja, aizoee uzito. Kisha, imewaka, gia namba moja, miguu yote chini, aachie klachi mpaka pale inapoanza kushika na pikipiki inataka kwenda, abane tena. Mbele hatua moja, basi. Nusu saa nzima ya hiyo, bila kuinua miguu. Akiijua sehemu hiyo kwa vidole, mengine yanafuata haraka. Wewe kaa mbali, nyamaza, lete maji. Akishapata leseni, mfuate nyuma na Boxer yako kwa wiki chache, usimpite.

Hukuniambia zahanati iko upande gani. Kama kipande cha njia ni barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, miezi ya kwanza apite njia za ndani hata kama zinazunguka. Malori ya Tunduma yakimpita, yanamsukuma kwanza kisha yanamvuta, na upepo wenu unaongezea. Dawa ni kulegeza mikono, kubana tangi kwa magoti, na kutoendesha juu ya ukingo wa lami.

Kofia. Uchambuzi wa 2008 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia ya kuazima inayozunguka kichwani kama sufuria haimo kwenye hesabu hizo. Apimwe kwa futi ya cherehani, juu kidogo ya nyusi, na aijaribu akiwa na nywele kama anavyozivaa siku zote. Akisuka rasta nene leo na mwezi ujao akanyoa, kofia moja haitatosha vichwa vyote viwili, kwa hiyo achague mtindo wa chini na abaki nao. Kama anavaa ushungi, wa ndani uwe mwepesi usio na pini. Akifunga mkanda, jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele; ikitoka, haifai. Suruali chini ya gauni la kazi, na hakuna khanga wala mtandio unaoning'inia karibu na cheni. Mguu wa kulia awe mwangalifu na ekzosi. Juni na Julai huko kwenu bila glovu vidole vinakufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

Watoto bado. Abebe mzigo kwanza, baadaye mtu mzima anayejua kukaa, na hayo yaje baada ya kupita masika nzima akiwa peke yake. Mtoto wa mbele kwenye tangi, hata mara moja, hapana. Kofia ya ukubwa wake ni vigumu kuipata, na mikono yake inagusa kila kitu.

Kadi iandikwe jina lake, kwa hiyo awe na TIN na namba ya NIDA mkononi mnapokwenda. Yeye ndiye atakayesimamishwa na trafiki na yeye ndiye atakayedai bima. Na akitaka kuiuza achukue kubwa zaidi, asilazimike kukutafuta wewe uje kusaini.